Vijidudu vya Tumboni: Kazi Yangu na Yanayotuhusu Sote

Wahariri wa kitabu chetu wamenitaka niandike kurasa chache kuhusu kazi yangu, kwa sababu, kama walivyoniambia, kila mtu anajua kuwa nimo katika mambo ya udaktari lakini hapana ajuaye hasa nafanya nini. Mama yangu akiulizwa harusini hujibu kuwa mwanawe anapima damu. Damu siipimi. Kwa miaka kumi na tisa sasa, katika maabara ya chuo kikuu kimoja hapa Uingereza, nachunguza choo kikubwa cha watu na vijidudu vinavyoishi ndani yake, ili tupate kujua vina uhusiano gani na saratani ya utumbo mpana. Mama anajua vizuri, ila haya zinamzuia kusema mbele ya wageni.

Naomba radhi mapema kwa atakayesoma mlango huu akiwa mezani. Mambo yenyewe hayasemeki bila ya kutajwa, na kutotajwa kwake, kama nitakavyoeleza mbele, kumeshatutia hasara.

KAZI YENYEWE

Ndani ya mwili wa kila mmoja wetu mna vijidudu, yaani bakteria, takriban trilioni 38, idadi inayokaribia ile ya chembe za mwili wenyewe. Sehemu kubwa kabisa imo katika utumbo mpana, ule mwisho wa safari ya chakula. Havionekani ila kwa hadubini. Tunazaliwa karibu bila ya kitu, na kuanzia saa ile tunavipata kutoka kwa mama, kutoka kwa maziwa, na kutoka kwa kila tunachokigusa na kukila.

Vingi katika hivyo ni wapangaji wema wanaolipa kodi ya nyumba. Sisi wanadamu hatuna uwezo wa kusaga nyuzinyuzi za chakula, yale makapi ya nafaka, kunde, mboga na matunda. Yakifika utumbo mpana, vijidudu huyala na kututolea asidi iitwayo butireti. Butireti ndiyo chakula cha chembe zinazoufunika utumbo kwa ndani. Chembe hizo zikishiba, utumbo hutulia na ngozi yake hushikamana. Na chembe iliyoharibika butireti husaidia ife kabla haijazaa nyingine.

Wapo pia wapangaji wengine. Mtu akila mafuta mengi, ini humwaga nyongo nyingi ili kuyayeyusha, na nyongo inayobaki huteremka hadi utumbo mpana. Huko vipo vijidudu vinavyoigeuza ikawa kitu kikali kinachochubua utumbo siku hadi siku.

Kazi yetu ni kujua nani anaishi wapi na anafanya nini. Sampuli hutufikia ndani ya vichupa, na kwanza huwekwa katika friza yenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sufuri. Kisha tuna njia mbili. Ya kwanza ni kutoa DNA, yale maandishi ya urithi ambayo kila kiumbe anayo, na kuyasoma kwa mashine ili kuvitambua vijidudu kwa majina. Ya pili ni kuviotesha. Hii ni ya taabu zaidi, kwani vijidudu vingi vya utumboni hufa vikipata hewa tunayovuta sisi. Basi tunavitia ndani ya sanduku kubwa la kioo lisilo na oksijeni, na sisi huingiza mikono kupitia glavu ndefu zilizofungwa ubavuni mwa sanduku. Mtu huweza kukaa hivyo nusu ya siku, mikono iko ndani na pua yamuwasha, asiweze kujikuna.

DAKTARI WA MULAGO

Wengi hudhani kuwa elimu hii ilianzia Ulaya au Marekani. Sehemu yake kubwa ilianzia kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1946 alifika Uganda daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, mtu mwenye jicho moja, kwani la pili alilipoteza utotoni. Alifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, hadi miaka ya 1960, na jina lake linajulikana zaidi kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958.

Lakini lipo jambo jingine lililomshughulisha. Maradhi yaliyojaza wadi za upasuaji za Uingereza, na saratani ya utumbo mpana ikiwa mojawapo, kule Uganda aliyaona kwa nadra sana. Aliwaandikia madaktari wa hospitali za vijijini katika nchi nyingi za Afrika, nao wakamjibu vivyo hivyo. Yeye na wenzake wakaamua kupima. Waliwapa watu vidonge vidogo vya plastiki wavimeze, kisha wakahesabu saa mpaka vilipotoka, na wakapima uzito wa choo. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza, safari ya chakula ilichukua kiasi cha saa 83, na choo cha siku kilikuwa kiasi cha gramu 104. Kwa wanakijiji wa Uganda ilikuwa kiasi cha saa 36, na gramu 470. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, na Burkitt akatangaza kila alikokwenda kuwa tofauti ni makapi ya chakula.

Wapo waliomcheka, kwa kuwa alikuwa akionyesha picha za choo mbele ya mabwana wakubwa wa udaktari. Wapo pia waliompinga kwa hoja za haki: kwamba Afrika ya siku zile watu wengi hawakufikia umri wa saratani hii, na kwamba vipimo vilikuwa vichache. Hata hivyo msingi wa maneno yake umesimama. Alichokosa ni chombo cha kuvitambua vijidudu vyenyewe, na hicho sisi tunacho leo.

WIKI MBILI ZA KUBADILISHANA VYAKULA

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulichapishwa mwaka 2015 na Profesa Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh pamoja na wenzake. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa mji ule na watu 20 wa vijijini KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini, wenye umri baina ya miaka 50 na 65. Asili yao yakaribiana, lakini saratani ya utumbo mpana huwapata Wamarekani weusi kiasi cha watu 65 katika kila 100,000, na wale wa vijijini hawafiki 5.

Kwa wiki mbili tu walibadilishana vyakula. Wamarekani walipewa mahindi, maharage, mboga na matunda, na nyuzinyuzi zao zikapanda kutoka gramu 14 kwa siku hadi gramu 55. Wale wa vijijini walipewa nyama, mafuta na vyakula vya dukani, na nyuzinyuzi zao zikateremka kutoka gramu 66 hadi 12. Kabla na baada, madaktari walitazama utumbo wao kwa kamera.

Siku 14 hazitoshi kumpa mtu saratani wala kumponya. Lakini zilitosha kuvibadilisha vijidudu na kazi zao. Kwa Wamarekani butireti iliongezeka, ile nyongo kali ikapungua, na utumbo ukatulia. Kwa wale wa Afrika ya Kusini mambo yalikwenda kinyume chake, na chembe za utumbo wao zikaanza kuzaana kwa haraka, jambo ambalo ni dalili ya hatari.

Mwaka 2025 ukatoka utafiti mwingine, huu wa nyumbani kabisa, uliofanywa Kilimanjaro na watafiti wa KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea vyakula vya asili walipewa vya kizungu kwa wiki mbili, wengine wakafanya kinyume chake, na wengine wakanywa kinywaji cha ndizi zilizochachuliwa. Utafiti huu haukupima saratani. Ulipima damu na kinga ya mwili. Waliohamia vyakula vya kizungu, miili yao ilionyesha dalili za kuwaka kwa ndani; waliorudia vya asili, dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Nawaomba jamaa zangu wayatie akilini haya, kwani ndiyo habari yetu sisi tuliohama. Wajapani waliohamia Hawaii walichunguzwa tangu zamani, na ikaonekana kuwa saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa chache kwao Japani wakati ule, iliwafikia kwa kiasi cha wenyeji wao wapya katika muda wa kizazi kimoja tu. Damu yao ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maisha, na chakula ni sehemu kubwa ya maisha.

Tazameni meza zetu. Muhogo, mbaazi, kunde, choroko, kisamvu, mchicha, mtama, ndizi mbichi na viazi vitamu zimekuwa vitu vya mwezi wa Ramadhani na vya kumpendezea mgeni. Siku nyingine ni mkate mweupe, chipsi na soseji. Wataalamu wa hapa wanashauri mtu mzima apate gramu 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na Waingereza walio wengi hawafikii. Nyama zilizosindikwa, kama soseji na salami, shirika la dunia la utafiti wa saratani liliziingiza mwaka 2015 katika orodha ya vitu vilivyothibitika kuleta saratani: anayekula gramu 50 kila siku, hatari yake huzidi kwa kiasi cha asilimia 18. Kuwa halali hakuziondoi katika orodha hiyo.

VIJIDUDU VINAVYOSHUKIWA

Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti, moja la Boston na jingine la Vancouver, kila moja kwa upande wake, yalikuta ndani ya saratani za utumbo kijidudu ambacho kwa kawaida huishi mdomoni, kwenye fizi. Jina lake ni Fusobacterium nucleatum. Mwaka 2017 ikaonekana kuwa saratani ikisafiri kutoka utumboni kwenda kwenye ini, kijidudu hiki husafiri nayo. Mwaka 2024 watafiti wa Seattle wakabainisha kuwa ni tawi moja maalumu la kijidudu hicho, na kwamba limo katika karibu nusu ya saratani walizozipima.

Mshukiwa wa pili ni aina fulani ya E. coli. Wengi katika E. coli hawana madhara, lakini aina hii hutengeneza sumu iitwayo kolibaktini, ambayo hukwaruza DNA ya chembe zetu. Mwaka 2020 watafiti wa Utrecht waliotesha vijiutumbo vidogo mno katika maabara, wakaviweka pamoja na kijidudu hiki kwa miezi mitano, na wakaona kuwa sumu ile huacha alama yake maalumu, kama alama ya kidole cha mwizi. Mwaka 2025 zikasomwa saratani 981 kutoka nchi 11. Alama hiyo ilionekana mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya 70, na dalili ni kuwa madhara yalianza utotoni.

Hili linawahusu vijana wetu wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya wazee. Mchezaji sinema Chadwick Boseman, ambaye picha yake imo katika vyumba vya watoto wengi wa ukoo huu, alifariki kwa saratani hii mwaka 2020 akiwa na miaka 43.

Lazima niseme pia tusichoweza kukisema. Kumkuta mtu penye wizi hakutoshi kumhukumu. Vijidudu hivi vimo pia katika watu ambao hawataugua kamwe, na bado tunatafuta kwa nini huyu anaugua na yule anapona. Kwa hiyo kila ninapoulizwa harusini dawa ya kuua wadudu wa tumboni, jawabu langu ni moja: hapana. Metronidazoli, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Flagyl, huviua na vile vyema pamoja na vibaya, na hapana daktari anayeitoa kwa kuzuia saratani. Sanamaki nayo husafisha njia, lakini haiondoi kilichoota kwenye ukuta.

BAHASHA YA POSTA

Na kinachoota kwenye ukuta ndicho chenye kutupa nafasi. Saratani hii kwa kawaida huanza na kinyama kidogo, madaktari hukiita polipi, kinachokaa miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, kabla ya kuharibika. Kikionekana kwa kamera hukatwa papo hapo, na mambo huishia hapo. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa England kila mtu aliyesajiliwa kwa daktari, mwanamume kwa mwanamke, kuanzia miaka 50 hadi 74, huletewa bahasha kila baada ya miaka miwili. Ndani mna kichupa chenye kijiti kwenye kifuniko. Mtu hukigusisha kijiti kwenye choo mara moja tu, hukirudisha ndani ya kichupa na kufunga, huandika tarehe, na hukitia posta bila ya kulipa stempu. Maabara hutafuta damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Ikionekana, mtu huitwa kwa kipimo cha kamera, na wengi wanaoitwa huambiwa kuwa hawana saratani.

Ami yangu, aliyetulea sote baada ya kufika nchi hii, aliletewa bahasha mbili kwa nyakati mbili. Tulizikuta katika mtoto wa meza, zimefungwa kama zilivyotoka posta, tulipokuwa tukipanga vitu vyake mwaka 2021. Alikuwa mtu msafi mno, wa udhu saa zote, na jambo la kutia choo chake ndani ya kichupa na kukipeleka posta aliliona ni fedheha. Damu alikuwa akiiona kwa muda wa mwaka mzima, na hakumwambia hata shangazi. Saratani ilipogunduliwa ilikuwa imeshafika kwenye ini. Wanaogunduliwa hapa Uingereza katika hatua ya kwanza, zaidi ya 9 katika kila 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Katika hatua ya mwisho aliyofikia ami, ni kiasi cha mmoja katika 10. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa wenye wasiwasi wa najisi, nasema kwamba mkono haugusi kitu, kichupa kikifungwa hakivuji, na baada yake ni maji na sabuni kama kila siku. Vijana, bahasha za wazazi wenu zikija, wasomeeni maelezo na wawekeeni kichupa tayari. Binti asimuonee haya baba yake katika hili, wala mwana asimuonee haya mama.

Na asiyeletewa bahasha, kwa umri wake au kwa nchi aliyopo, asingoje. Damu katika choo, tabia ya choo kubadilika kwa wiki tatu au zaidi, uzito kupungua bila ya sababu, uchovu wa kupungukiwa na damu, au uvimbe tumboni, yote ni ya kwenda kwa daktari, hata akiwa na miaka 30. Mara nyingi itakuwa ni bawasiri au jambo jingine dogo, na atarudi nyumbani ameshajua.

TULIYOYAANDIKA NA TUSIYOYAANDIKA

La mwisho ni ombi kwa wahariri na kwa wakuu wa koo zetu. Daktari akimpokea mtu mwenye wasiwasi wa saratani hii, swali lake la mwanzo ni hili: wazazi wako au ndugu zako, yuko aliyepata? Akiwa na umri gani? Sababu ni kuwa sehemu ndogo ya saratani hizi hurithiwa. Uko urithi uitwao Lynch, kwa jina la daktari wa Kimarekani aliyeuchunguza, ambao mzazi mwenye nao kila mtoto wake ana nusu ya bahati ya kuupata. Wanaojulikana kuwa nao hupimwa kwa kamera mapema na mara kwa mara, na wengi huokoka.

Swali hilo wengi wetu hatuna jawabu lake. Nimevipitia vitabu vyetu vya miaka iliyopita, kurasa za waliotutangulia mbele ya haki. Tumeandika mtu alizaliwa mtaa gani, alisoma skuli gani, alikuja kwa meli au kwa ndege, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Kuhusu mauti yake tumeandika kuwa aliugua kwa muda mfupi, au kuwa alisumbuliwa na tumbo. Katika kurasa hizo nimehesabu watu wanne wa tumbo katika ukoo wangu peke yake, na hapana ajuaye hata mmoja wao aliumwa nini.

Siombi siri za watu zichapishwe. Naomba kila nyumba iwe na daftari lake, liandikwe jina, maradhi na umri alioanza kuugua, na wazee walio hai waulizwe sasa wangali wanakumbuka. Shangazi ameshaniruhusu nianze na la ami. Kwa ajili ya ruhusa hiyo watoto wake watatu wamekwenda kupimwa mwaka huu, na mkubwa wao amekatwa vinyama viwili ambavyo havikuwa vimeharibika bado.

Atakayekuwa na swali aniulize tukikutana kwenye karamu ya Idi. Nitajibu kwa sauti ndogo nikitakiwa, na mbaazi za nazi nitazileta mimi.